UZI: Stima ikipotea Kiplombe, tumuulize nani? Kaunti ama serikali kuu?

1/ Wadau, kila msimu wa siasa mada ya stima lazima ije. Mmoja anapanda jukwaani: "Nichagueni niwaletee transfoma." Mwingine akiulizwa: "Stima si kazi yangu, hiyo ni ya Nairobi." Ukikaa huku Kiplombe umesikia majibu yote mawili, saa zingine kutoka kwa mdomo mmoja. Huu uzi haumpigii mtu debe. Unaeleza kazi ni ya nani, ndio mjadala ukianza uwe na swali la maana.

2/ Na si mambo madogo. Stima ikikatika saa kumi na mbili jioni, posho mill inasimama na foleni iko mlangoni. Fundi wa kuchomelea anafunga kibanda. Maziwa ya jioni yanangoja asubuhi bila friji. Zahanati inaanza kuwaza chanjo. Huyo mwenye kinu hana haja ya kujua Katiba inasema nini, lakini akikosa kujua, atazungushwa.

3/ Tuanze na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi ziligawanywa. Upande wa serikali ya kitaifa, namba 31: sera ya kawi, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Shuka upande wa kaunti, namba 8, mipango na maendeleo ya kaunti. Unakuta nini? Usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Maneno yale yale! Kilichobaki kwa Nairobi peke yake ni neno moja tu: sera.

4/ Watu wa Katiba waliona hilo. Kifungu cha 186 kinasema kazi ikipewa ngazi zote mbili, basi zote mbili zina mamlaka juu yake. Kifungu cha 189 kinazitaka zishirikiane na kushauriana. Kwa hivyo mheshimiwa akisema "hiyo si yangu hata kidogo," hajasema ukweli wote. Na yule anayesema "mimi peke yangu nitawawashia," pia hajasema ukweli wote.

5/ Sheria ya Kawi ya 2019 ikajaribu kuweka mipaka. Hebu tuifuate stima kutoka inakotoka:
– Kuzalisha: KenGen na kampuni za binafsi.
– Laini kubwa za kusafirisha: hasa KETRACO, iliyoanzishwa 2008.
– Nyaya za mtaani, transfoma, mita, tokeni: Kenya Power, ambayo serikali ina zaidi ya nusu ya hisa.
– Kupeleka stima mashambani: REREC.
– Leseni na bei: EPRA.
Mashirika haya yote ya umma ni ya ngazi ya kitaifa.

6/ Sasa kaunti iko wapi? Sheria hiyo hiyo inaitaka kila kaunti iandike mpango wake wa kawi na kuupeleka kwa Waziri. Yeye anaikusanya na kutoa mpango mmoja wa nchi nzima. Mpango wa kaunti ndio unapaswa kusema: wadi hii ina nyumba ngapi gizani, soko lipi lina mzigo mkubwa, zahanati ipi inategemea jenereta, wapi sola inafaa kuliko nguzo. Bila hiyo karatasi, Nairobi inapanga kwa kukisia, na kijiji chako kinabaki kutegemea nani anamjua nani.

7/ Mfano: mradi wa Last Mile wa 2015. Ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na walengwa walikuwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Sawa kabisa kwa aliye karibu. Lakini wewe uliye mita 700? Wa kuhesabu watu kama wewe, boma kwa boma, anapaswa kuwa karibu nawe. Huyo ni kaunti.

8/ Taa za barabarani nazo Katiba imewapa kaunti waziwazi. Kwa hivyo ile mulika mwizi ikizima pale steji, usikimbilie tu kuitukana Kenya Power. Kama ni balbu, kwa kawaida ni kaunti. Kama ni bili haijalipwa, ni kaunti. Kama ni waya ama transfoma, hapo ndio Kenya Power. Giza ni lile lile, lakini mlango wa kubisha ni tofauti.

9/ "Lakini tuna sola kubwa hapa Uasin Gishu, mbona bado inapotea?" Swali zuri sana. Kweli tunazo tatu: Selenkei, Cedate na ile ya Alten kule Kesses, kila moja megawati 40 hivi. Lakini stima hiyo haianzi kwa majirani. Inanunuliwa na Kenya Power na kuingia gridi ya kitaifa. Fikiria maziwa: ukishamwaga kwa tangi la kiwanda, huwezi kurudi ukadai pakiti yenye maziwa ya ng'ombe wako. Tena sola inalala jua likizama, saa ile ile kila nyumba inawasha taa.

10/ Shida kubwa ya upande wetu wa magharibi ni njia. Umeme mwingi wa nchi hutoka mbali: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Marsabit. Kwetu hupitia Lessos, kaunti jirani ya Nandi, ambapo hukutana laini za Olkaria, Turkwel na Uganda. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku matumizi yanapanda, laini zinalemewa, na wakuu wa serikali wenyewe wamekiri hadharani kwamba maeneo fulani huzimiwa kwa zamu. Sasa jiulize: transfoma mpya ya kampeni itasaidia nini kama laini inayoilisha imejaa?

11/ Laini ikichelewa, sote tunalipa. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, ulikuwa na mitambo tayari 2017. Laini ya kupeleka umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikawashwa Septemba 2018. Mkandarasi wa laini alifilisika katikati, na fidia za ardhi zilivuta muda. Mitambo ikakaa bila pa kupeleka umeme, na nchi ikaingia kwenye faini za mabilioni.

12/ Hapo kwa ardhi ndipo kaunti ina nguvu ambayo watu hawaioni. Upimaji na ramani ni kazi ya kaunti, mipango ya miji pia. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024 na nyumba zinapanda kila upande, Kiplombe ikiwemo. Njia ya laini isipotengwa mapema kwenye ramani, kesho inabidi kufidia na kubomoa. Mwenye ploti hasara, mlipa kodi hasara.

13/ Na wakikosana? Tuliona Nairobi, Februari 2025. Kenya Power ilikatia kaunti stima kwa sababu ya bili. Kaunti nayo ikasema inadai ada ya nguzo na nyaya zinazopita kwenye ardhi yake. Ikaishia kwa taka kumwagwa mlangoni pa Stima Plaza. Kila upande ulitaja mabilioni. Sheria ya Kawi inasema taasisi ya umma haitozi miundombinu ya umma ya kawi bila idhini ya Waziri. Kaunti zinasema ardhi ni yetu. Hiyo hoja inahitaji meza, si lori la taka.

14/ Meza zipo. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja kuihamishia nyingine kazi kwa makubaliano. REREC inaweza kuweka pesa pamoja na kaunti kwa miradi ya vijijini. Kaunti zetu za kaskazini mwa Bonde la Ufa zina muungano wao, NOREB. Huo ungefaa hapa, kwa sababu stima haijui mpaka wa kaunti. Bwawa la Turkwel liko Pokot Magharibi, lakini mto wake huanzia Mlima Elgon, huko Trans Nzoia na ng'ambo Uganda. Msitu ukikatwa juu, bwawa la jirani linaumia.

15/ Ukisikia "ushirikiano ni mgumu," kumbuka hili: umeme wa Jinja ulianza kuvuka kuja Kenya miaka ya 1950. Tangu 2022 tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia. Nchi zenye bendera tofauti zimekubaliana nani ajenge, nani alipe, mita isomwe wapi. Ngazi mbili zilizo chini ya Katiba moja zinashindwa na nini?

16/ Kwa hivyo jukwaa likifika kwenu, beba maswali haya:
– MCA: mpango wa kawi wa kaunti uko wapi, na unasema nini kuhusu wadi yetu? Bajeti ya taa na bili zake ni ngapi?
– Gavana: mna makubaliano gani na REREC na Kenya Power? Yameandikwa?
– Mbunge: umepitisha pesa gani za laini zinazolisha magharibi, na kazi imefika wapi?
– Seneta: kaunti imetumiaje pesa zilizotengewa kawi?
Asiye na jibu leo aseme atalileta lini.

17/ Na usingoje kampeni. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kwa kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi wanapaswa kusikizwa. Ukumbi mara nyingi huwa na watu kumi na wawili na soda. Mwenye posho mill akienda na majirani watano, wakauliza kwa namba na jina la transfoma yao, hilo swali linaandikwa kwa kumbukumbu. Likiandikwa, mwaka ujao mtauliza lilijibiwaje.

18/ Mwisho wa uzi. Kama kaunti yenu imewahi kuwaonyesha mpango wake wa kawi, tuambie hapa chini ulisema nini kuhusu wadi yenu. Kama hujawahi kuuona, hilo nalo liandike. Tutajumlisha.