UKIWA NA HOMA YA INI, CHUNGA DAWA UNAZOMEZA



Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Dawa nyingi unazomeza hupita huko.

Homa ya ini mara nyingi huletwa na virusi. Virusi vya aina ya B na C huweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kujua. Huharibu ini polepole.

Je, dawa inaweza kudhuru? Ndiyo. Dawa iliyomponya jirani yako huweza kukataliwa na mwili wako. Huo ndio mzio. Mara nyingi ni upele mdogo tu. Mara chache mzio huwa mkali, na huweza kuua. Dawa za salfa, kama kotrimoksazoli na SP ya malaria, zinajulikana kwa jambo hili. Nyingine ni karbamazepini ya kifafa na nevirapini.

Mzio mkali huweza kushambulia ini pia. Mwenye homa ya ini ni kama ng'ombe aliyekonda akafungwa plau. Hana nguvu ya akiba.

Kuna hatari nyingine. Macho yake yakiwa ya manjano, watu husema, "Ni ugonjwa wake wa zamani." Naye anaendelea kumeza dawa inayomwumiza.

Ukianza dawa mpya, angalia dalili hizi kwa wiki 8 za kwanza:

1. Homa pamoja na upele.
2. Vidonda mdomoni, au macho mekundu.
3. Uso kuvimba.
4. Ngozi kuuma, kutoka malengelenge au kubambuka.
5. Macho ya manjano, na mkojo kama chai ya rangi.

Ukiziona, usimeze tena dawa hiyo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje palizi iishe. Chukua dawa zako zote, hata za mitishamba. Ikithibitishwa kuwa ni mzio, jina la dawa liandikwe kwenye kadi yako. Usiimeze tena maishani.

Lakini usiache dawa ya hospitali kwa hofu tu. Uliza kwanza.

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Kila msimu nawaambia wakulima wasome karatasi ya dawa ya pamba kabla ya kupulizia. Sasa unajua kusoma. Soma na jina la vidonge vyako. Usigawane vidonge na jirani. Ukifika zahanati, sema mapema: "Nina homa ya ini."