Akiba ya Umeme Katika Majumba

Wahenga walinena: Akiba haiozi. Lakini akiba ya umeme huoza isipotunzwa, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi nchi ya Marekani ilivyoitungia sheria.

Kanuni za umeme za nchi hiyo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1897. Humo umeme wa akiba umegawanywa mafungu 3. La kwanza ni umeme wa kuokoa roho za watu, kama taa za kuonyesha njia ya kutokea katika jumba lenye watu wengi. Umeme wa kawaida ukikatika, huu hauna budi kushika kazi kabla ya sekunde 10 kupita. Na taa zitumiazo betri sharti ziwake dakika 90. La pili ni umeme wa mitambo kama ile ya kuondoa moshi, nao umepewa sekunde 60. La tatu ni ule autakao mwenye nyumba kwa hiari yake. Huu haukuwekewa muda.

Tena, kati ya enjini ya akiba na waya wa mji huwekwa swichi ya kugeuzia, isiyoruhusu umeme wa pande mbili kukutana. Sababu yake ni hii. Enjini ikiunganishwa ovyo, umeme wake hurudi njiani, na ile transfoma inayopunguza nguvu ya umeme uingiapo nyumbani huizidisha utokapo, hata ikafika maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akidhani waya hauna umeme, huweza kuuawa.

Na akiba huozaje? Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 tufani iitwayo Sandy iliupiga mji wa New York. Hospitali ya NYU Langone ilikuwa na enjini za akiba juu ya paa, lakini pampu za kuzipelekea mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Maji yakafurika humo, taa zikazimika. Wagonjwa zaidi ya 300 wakahamishwa usiku ule, nao wauguzi wakashuka ngazi za orofa 9 kwa mwanga wa tochi, wakiwapakata watoto wachanga.

Basi enjini peke yake si akiba. Akiba ni enjini pamoja na kila kinachoiendesha. Ndiyo maana kanuni za huko zaamuru enjini za namna hii zijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30, zikiwa zimebebeshwa kazi.

Siku hizi enjini za umeme zimefika hata katika zahanati na shule za mashamba. Kwa hiyo twawasihi wazee na walimu wetu waulize mambo matatu: Je, swichi ya kugeuzia ipo? Mafuta yamewekwa mahali pasipofikiwa na maji? Na enjini ilijaribiwa lini? Afadhali kuuliza mchana kuliko kupapasa gizani.