Unakwenda kuiona timu kambini? Anza na nauli ya kurudi

NYAMUSWA. Mwishoni mwa Julai 2024 baba yangu mdogo alipanda basi pale Bunda akiwa na begi moja, jezi mpya na jogoo mweupe ndani ya tenga. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuiona timu yake ikifanya mazoezi. Siyo mechi, mazoezi. Alitaka asimame pembeni ya uwanja, awaone wachezaji kwa karibu wakipasiana, amkabidhi nahodha jogoo wake, kisha arudi zake Nyamuswa akiwa na cha kusimulia.

Siku ya pili asubuhi akafika getini. Mlinzi akamwambia timu haipo, imesafiri nje ya nchi. Halafu akaulizwa yule jogoo mweupe ni wa nini. Kwa wanaolijua soka letu, hilo swali halihitaji maelezo. Mtu usiyemjua, katoka mbali, kasimama kwenye geti la kambi na jogoo mweupe, lazima watu waanze kuangaliana.

Alikaa nje ya geti kama saa mbili. Jogoo akaishia kwa mama lishe wa jirani aliyempa chai na chapati. Pesa iliyomleta ilikuwa ya pamba, ya msimu mzima.

Kosa lilikuwa langu. Wiki moja kabla alinipigia simu akaniuliza kama akienda ataikuta timu, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa michezo kwenye ukoo. Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Njoo tu baba, timu ipo." Sikuangalia chochote.

Mwaka huu anakwenda tena, na safari hii hayuko peke yake. Wako wanane, wengi wao madereva wa bodaboda na wakulima wa hapa Nyamuswa, na wamekuwa wakichangishana kidogo kidogo tangu pamba ianze kupimwa. Wiki iliyopita nilikwenda kuwasalimia, nikakaa nao kijiweni na daftari katikati, tukapanga safari upya kuanzia mwanzo. Haya ndiyo tuliyoandika. Kama na wewe uko mkoani na unaota kuiona kambi ya timu yako, soma kabla hujafunga begi.

Zamani tulikwenda Musoma tu

Kuna kipindi watu wa huku hawakuhitaji daftari. Biashara United Mara ilipokuwa Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19, timu ilikuwa Musoma na mechi zilipigwa Uwanja wa Karume. Unatoka Nyamuswa asubuhi, unakula samaki wako mjini, unaangalia mpira, usiku unalala kwako.

Wakubwa walikuja wenyewe. Septemba 2021 Simba walikuja Karume wakaondoka na sare ya 0-0, John Bocco akikosa penalti dakika za mwisho. Siku ile hapa Nyamuswa ilizungumzwa wiki nzima, na mashabiki wa Simba wa huku hawakujua wacheke au wanune.

Msimu wa 2020/21 Biashara ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika mechi ya kwanza. Marudiano yalikuwa Libya, timu haikufika, ikatolewa. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Kwa hiyo mtu wa Mara akikwambia safari ipangwe, msikilize. Sisi tumeona timu ikitoka mashindanoni huku inaongoza 2-0, kwa sababu ya safari.

Jua kwanza timu iko wapi

Hili ndilo nililomkosea baba mdogo. Shabiki wengi wanadhani kambi ni nyumba, ukienda utaikuta. Nyumba ipo kweli. Simba wana viwanja vyao vya Bunju, vilivyozinduliwa mwaka 2019. Yanga kwa miaka kadhaa wamekuwa wakikaa Avic Town, Kigamboni. Azam wana Chamazi, ambako wanalala, wanafanya mazoezi na kucheza mechi zao za nyumbani.

Lakini timu huwa haikai nyumbani wakati ule ambao shabiki wa mkoani ana nafasi na pesa. Julai ni mwezi wa maandalizi ya msimu, na maandalizi siku hizi yanafanyika nje. Julai 2024 Simba walikuwa Ismailia, Misri. Yanga walikuwa Afrika Kusini, wakamaliza ziara kwa kuwachapa Kaizer Chiefs mabao 4-0. Sitawaambia baba mdogo ni wa timu gani. Angekwenda Bunju au Kigamboni, jibu la mlinzi lingekuwa lilelile.

Ukitaka kuikuta timu, una nafasi mbili. Ya kwanza ni wiki ya matamasha, Simba Day na Wiki ya Mwananchi, ambapo kikosi kizima kinakuwa kimerudi Dar. Ya pili ni katikati ya msimu, timu ikiwa na mechi mbili au tatu mfululizo nyumbani. Ratiba ya ligi ndiyo itakwambia.

Hapa kijiweni palitokea ubishi. Kati ya wanane, watano ni Simba na watatu ni Yanga. Nani atasafiri kilomita zaidi ya 1,000 kwenda kushangilia sherehe ya mtani? Tukaangalia tarehe. Mwaka 2024 Simba Day ilikuwa Agosti 3 na Yanga wakafanya yao Agosti 4. Mwaka 2025 Simba walifanya Septemba 10, Yanga Septemba 12. Ubishi ukaisha. Safari moja, basi moja, kila mmoja ataona chake.

Ila angalia hizo tarehe vizuri. Simba Day ilianza mwaka 2009 na watu wengi vichwani mwao bado ni Agosti 8. Aliyekata tiketi ya Agosti mwaka 2025 kwa mazoea alikuta nchi iko kwenye CHAN, na tamasha limesogea mpaka Septemba. Usikate tiketi kwa mazoea. Subiri klabu itangaze tarehe yenyewe, na tangazo ulione kwenye kurasa rasmi za klabu, siyo la kutumiwa na rafiki kwenye simu.

Geti halifunguki kwa jezi

Kambi ni kazini kwa watu. Hii nilimweleza baba mdogo mara tatu, akaniuliza kama hata yeye aliyeishangilia timu tangu anasoma shule ya msingi anahesabika mgeni. Nikamwambia ndiyo baba, pale ni mgeni.

Kocha akiwa anaandaa mechi kubwa anafunga mazoezi, hata sisi waandishi tunabaki nje. Anafundisha mipira ya kona na faulo, hataki mtu apige picha zimfikie mpinzani. Siku moja baada ya mechi, waliocheza wanafanya mazoezi mepesi au wanapumzika kabisa. Ukija siku hizo umekuja kuona nyasi.

Njia inayofaa ni tawi. Kama una kadi ya uanachama, mwone mwenyekiti wa tawi lako la karibu, kwetu sisi ni Bunda mjini. Aandike barua kwenda klabuni mapema, hata mwezi mmoja kabla, akitaja idadi ya watu, majina na siku mnayoomba. Kundi la wanane lenye barua lina nafasi kubwa kuliko mtu mmoja mwenye machozi getini. Mkijibiwa hapana, mmejua mkiwa bado nyumbani. Hapana ya Nyamuswa haina nauli.

Na zawadi? Acheni. Wachezaji wana daktari na mpishi, hawali cha mtu. Mambo ya ushirikina kwenye mpira wetu yamefanya kila kifurushi kiogopwe. Asali, karanga, kuku, viacheni. Kama mna chochote cha kutoa, chama kina ofisi, ipelekwe huko kwa jina la tawi.

Ikishindikana kabisa kuingia kambini, safari haijafa. Makao makuu ya klabu zote mbili yako Kariakoo. Simba wako Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Jangwani na Twiga, na kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake unatembea kwa miguu. Pale huhitaji barua. Utapiga picha, utanunua jezi halali, na utakuta wazee wa benchi watakaokusimulia mpira wa miaka ya nyuma mpaka uchelewe basi.

Njia yenyewe

Kutoka Nyamuswa unashuka Bunda, hapo ndipo kwenye barabara kuu ya Sirari, Musoma na Mwanza. Mabasi ya Dar yanatoka Tarime na Musoma, mengine yanapita Mwanza, mengine yanakata Lamadi kupitia Bariadi mpaka Shinyanga. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu njia inabadilisha saa ya kufika. Katia tiketi ofisini Bunda siku kadhaa kabla, na hakikisha nauli ni ile iliyopangwa na LATRA. Wiki ya matamasha wapiga debe wanajua kabisa kwa nini umevaa jezi.

Tangu serikali iruhusu mabasi kutembea usiku mwaka 2023, unaweza kujikuta umeshushwa Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli, saa tisa usiku. Usitoke. Kaa ndani ya stendi mpaka kupambazuke. Wa Bunju atafute gari za kupitia Goba kuelekea Tegeta. Wa Kigamboni achague, pantoni pale Magogoni au Daraja la Nyerere. Wa Chamazi aelekee Mbagala.

Kuna njia nyingine ambayo vijana wa kijiweni waliipenda. Basi mpaka Dodoma, kisha treni ya SGR mpaka Dar, iliyoanza kufanya safari hizo mwaka 2024. Wengine hawajawahi kuipanda, wakasema hata kambi isipofunguliwa watakuwa wamepanda treni. Beba kitambulisho, na tiketi ikatwe mapema.

Daftari

Tulipofika kwenye pesa, kijiwe kikanyamaza. Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu ya kwenda. Nauli ya basi, gesti siku mbili, chakula, kiingilio cha tamasha, jezi. Wawili walikuwa wameshaanza kuongelea raba mpya. Hakuna aliyekuwa ameandika nauli ya kurudi.

Hapo ndipo baba mdogo alipotueleza kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Mwaka ule 2024, baada ya lile geti, hakuwa na nauli ya kutosha. Alinunua chakula, akalipia gesti usiku mmoja, ikabaki pungufu. Alibeba mizigo siku mbili sokoni ndipo akapata pesa ya basi. Mimi nilikuwa Dar hiyohiyo. Hakunipigia, alisema hakutaka nijisikie vibaya kwa lile jibu langu.

Sikuwa na la kusema. Nilichukua kalamu nikachora mstari juu kabisa ya ukurasa, nikaandika nauli ya kurudi, watu wanane. Tukakubaliana hiyo pesa haisafiri nao. Inabaki Nyamuswa kwa mama mdogo, na siku ya kurudi anaituma kwa simu, kila mtu kwa namba yake. Ukiitumia kabla, umeitumia wapi? Haipo mfukoni.

Kisha tukaandika mengine kwa mpangilio huo. Nauli ya kwenda. Kulala. Kula. Kiingilio. Pesa ya dharura, mtu akiumwa au simu ikiibiwa. Jezi na raba zikaja mwisho, na wawili wale wakakubali kwa shingo upande kwenda na jezi za zamani.

Barua imeshapelekwa kwa mwenyekiti wa tawi Bunda. Majibu bado. Safari hii nimeahidi kuwa nitapiga simu klabuni mimi mwenyewe, na nitampa baba mdogo jibu nililoambiwa, hata kama ni hapana.

Nilipokuwa naaga, baba mdogo alinisindikiza mpaka barabarani. Uani kwake nikaona jogoo mwingine mweupe, mkubwa kuliko yule wa kwanza. Nikamwangalia bila kusema kitu. Akacheka, akasema huyo haendi popote, ni wa kuchinjwa siku watakaporudi wote wanane.