Gari ya usukani kuume: toka Japani mpaka Kasindi, neno "itapita" linakula pesa nyingi

Kwenye daraja la mto Lubiriha, mahali Uganda inaachana na Kongo, kila gari inabadilisha upande. Toka bandari ya Mombasa mpaka Mpondwe imefuata kushoto. Ikigusa udongo wa Kasindi, inapaswa kufuata kuume. Gari iliyotengenezwa kwa barabara za Japani inaingia hapo na usukani wake kuume, na tangu siku hiyo shofere anakaa upande wa majani, mbali na katikati ya barabara.

Gari za namna hiyo zimejaa Butembo, Beni, Bunia, Bukavu na Lubumbashi. Sababu yake ni bei, tena inaanzia mbali. Japani, gari ya mtu binafsi inapelekwa kwenye ukaguzi wa serkali miaka mitatu baada ya kununuliwa mpya, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni wa gharama. Wajapani wengi wanaona heri kuuza gari kuliko kulipa tena, na gari ambayo bado ina nguvu inapelekwa kwenye mnada. Kule, wakaguzi wanaiandikia karatasi na kuipa alama: 4 au 4.5 ni gari nzuri, na herufi R inaonyesha kwamba ilipata ajali na kutengenezwa. Muuzaji mwaminifu hakatai kutuma karatasi hiyo. Anayekataa, heri aachwe.

Shida ni kwamba bei inayoonekana kwenye simu si bei ya gari. Mara nyingi ni ile inayoitwa FOB, maana yake gari ikiwa bado bandarini Japani. Duane ya Kongo, yaani DGDA, inahesabu juu ya CIF: bei ya gari, nauli ya meli na asiransi ya safari, vyote pamoja. Tuseme CIF ni dola 4000 na ushuru wa kuingiza ni 10%, kwa kuwa viwango vya Kongo ni 5, 10 au 20% kufuatana na bidhaa. Hiyo ni dola 400. Kisha TVA ya 16% haihesabiwi juu ya 4000, inahesabiwa juu ya 4400, ndiyo dola 704. Jumla ni dola 1104, na hapo bado OCC, OGEFREM, bandari, shofere wa transiti na deklaran hawajalipwa. Tena duane hailazimishwi kuamini fakture. Bei ikionekana ndogo sana, inaweza kuiweka pembeni na kutafuta thamani yake yenyewe. Wanaoomba muuzaji aandike dola 1000 kwa gari ya dola 3000 wanajitafutia faini.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika mbele ya meli kuondoka. Kuna karatasi nne ambazo mnunuzi anapaswa kuona picha zake mapema: fakture, hati ya shehena ya meli, cheti cha ukaguzi, na cheti cha Japani kinachofuta gari katika daftari la kule ili iweze kutoka nchini. Hiki cha mwisho ndicho kinachobeba mwezi na mwaka gari ilipoandikishwa mara ya kwanza, na namba ya fremu. Gari za soko la Japani hazina namba ndefu ya alama 17 kama zile za Ulaya. Probox kwa mfano inaweza kuwa na namba fupi inayoanza na NCP51. Tarakimu moja ikikosewa kwenye hati ya meli, gari inaweza kulala bandarini huku karatasi zikisahihishwa, na kila siku ya kulala inalipwa. FERI ya OGEFREM nayo inatafutwa mzigo ukiwa bado njiani, si siku gari imefika mpakani.

Umri ni mtego mwingine. Mwaka 2012 serkali ya Matata Ponyo ilikataza kuingiza gari zilizopita miaka 10, na tangu hapo swali la umri halijaacha kurudi mezani. Kuhusu usukani wa kuume, Kinshasa imetangaza zaidi ya mara moja kwamba haiutaki, na gari zimeendelea kuingia. Katika mwanya huo ndipo neno "itapita" linaishi. Mnunuzi anauliza kama gari ya mwaka ule, ya usukani ule, inaruhusiwa. Anajibiwa kwamba itapita. Kupita kizuizi si kuruhusiwa. Gari inaweza kupita Kasindi usiku na kukosa plaki maisha yake yote, kwa sababu DGI inapotoa plaki na karte roze inauliza kwanza karatasi ya duane. Deklaran anayejua kazi anaweza kuonyesha maandishi ya sheria inayofuatwa siku ile, na kuandika gharama zote kwa mkono wake kabla mteja hajatuma pesa Japani. Kama anajibu kwa mdomo tu, mteja aendelee kutafuta.

Wengine hawaagizi Japani. Wanapanda basi mpaka Kampala, wanachagua gari kwenye viwanja vya duane vya kule, mahali gari zinauzwa bila kulipiwa kodi ya Uganda. Faida ni kwamba mtu anasikia moto ukiwaka, anaangalia chini, anagusa. Lakini gari hiyo iko katika transiti: kuna dhamana iliyowekwa, na dhamana haifunguki mpaka duane ya Mpondwe ithibitishe kwamba gari imetoka. Haina ruhusa ya kuzunguka Kampala wiki mbili kwa shughuli za harusi. Na kadi ya njano ya COMESA, ambayo mashofere wengi wanaionyesha kama pasi ya kila mlango, ni asiransi tu. Inalipa mtu aliyegongwa, hailipi duane.

Tuseme sasa kila kitu kimelipwa na plaki imefungwa. Gari ni halali, lakini usukani bado uko kuume, na barabara haijali karatasi. Nyuma ya lori la mbao linalopanda polepole, shofere anayekaa kushoto anatoa kichwa kidogo na kuona mbele. Yule wa kuume hawezi kuona mpaka atoe nusu ya gari katika njia ya wanaokuja. Ndiyo maana wengi wanamtegemea abiria wa mbele awaambie kama barabara ni tupu, naye pengine ni mtoto, au mtu anayesinzia.

Taa nazo hazizungumziwi sana. Taa za chini za gari ya Japani zinarusha mwangaza zaidi kushoto, kwa sababu kule kushoto ndiko ukingo wa barabara uliko. Kongo, kushoto ndiko wanakotoka wengine. Mwenye pikipiki anayekutana na gari hiyo usiku anapigwa macho hata kama shofere ameshusha taa. Kubadilisha taa hizo kwa zile za gari ya usukani kushoto ni kazi ndogo kuliko kugeuza gari nzima, lakini ni wachache wanaoifanya.

Kugeuza usukani wenyewe kunafanyika. Kinshasa, taksi nyingi zinazoitwa "ketch" ni Toyota ndogo zilizozaliwa na usukani kuume, zikahamishiwa kushoto. Fundi anahamisha tableau, pedali, kremaye, pompa ya freni na nyaya. Akikata chuma na kukiunganisha vibaya mahali pa kremaye, shofere atajua siku ya kona kali. Anayenunua gari iliyogeuzwa aipeleke kwa fundi mwingine, si yule aliyeigeuza, na aombe kuona chini.

Kwa minibasi hakuna fundi wa kutosha. HiAce ya Japani ina mlango wa kuvuta upande wa kushoto, ili abiria washuke juu ya ukingo. Hapa kwetu mlango huo huo unafungukia katikati ya barabara. Asubuhi wanafunzi wanashuka pale, magari na pikipiki zikipita mbele yao, na konveyeri anashuka wa kwanza, akiinua mkono kuzisimamisha.