Unyevu wa Hewa na Unyevu wa Matandazo: Suala la Istilahi katika Utunzaji wa Chatu wa Kifalme Kizimbani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kudumisha unyevu ufaao katika kizimba cha chatu wa kifalme (Python regius), nyoka anayefugwa sana majumbani huko Ulaya na Marekani. Yanaonyesha kuwa neno moja la Kiswahili, unyevu, hubeba dhana mbili ambazo kizimbani ni lazima zitenganishwe: mvuke uliomo hewani na maji yaliyomo katika matandazo. Mwishoni yanapendekeza istilahi za kutumiwa katika miongozo ya utunzaji.

1. Utangulizi

Chatu wa kifalme hana sumu, na kwa kawaida hukua kufikia urefu wa kati ya mita 1 na mita 1.5. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Biashara yake ya kimataifa husimamiwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na miongoni mwa nchi zilizouza nyoka hawa kwa wingi ni Togo, Benin na Ghana. Kwa kuwa Uganda imo katika eneo lake la asili, na kwa kuwa mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, maelekezo ya kumtunza mnyama huyu, awe wa kufugwa au aliyekamatwa katika biashara haramu, yanapaswa kuelezeka kwa Kiswahili bila utata.

Makazi hayo ni ya savana, ambayo kwa miezi kadhaa huwa kavu. Hata hivyo, chatu huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambamo hewa ina mvuke mwingi kuliko ya juu ya ardhi. Kwa hiyo kizimba hakina budi kuiga shimo, wala si uwanda.

2. Dhana mbili katika neno moja

Kiswahili kina msamiati mpana wa hali ya maji: ukavu, umande, unyevu, majimaji, na kulowa chepechepe. Neno rutuba, lenye asili ya Kiarabu ambako lina maana ya unyevu, leo hutumika zaidi kwa ubora wa udongo. Unyevu limebaki kuwa neno la jumla: ukuta una unyevu, udongo una unyevu, hewa ina unyevu. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halina madhara. Katika kizimba lina madhara, kwani agizo "ongeza unyevu" laweza kutekelezwa kwa kumwagia matandazo maji hadi yalowe. Nyoka anayelalia matandazo yaliyolowa hupata vidonda vya magamba ya tumboni vinavyosababishwa na bakteria, ilhali agizo lilihusu hewa anayoivuta.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia unyevuanga kwa mvuke uliomo hewani, na unyevu wa matandazo kwa maji yaliyomo katika tandiko la kizimba.

3. Unyevuanga na joto

Unyevuanga wa asilimia 60 haumaanishi kwamba asilimia 60 ya hewa ni maji. Maana yake ni kwamba hewa imebeba asilimia 60 ya mvuke inaoweza kuubeba katika joto hilo. Uwezo huo hupanda kadiri joto linavyopanda: mita moja ya ujazo ya hewa yaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke katika nyuzi 25 za Selsiasi, na takriban gramu 34 katika nyuzi 32.

Kizimba cha chatu huwa na upande wa joto, wa nyuzi 31 hadi 33, na upande wa ubaridi, wa nyuzi 25 hivi. Hewa yenye unyevuanga wa asilimia 60 upande wa ubaridi ikipashwa hadi nyuzi 32 husomeka takriban asilimia 40, ingawa haikupoteza maji yoyote. Hivyo, mwongozo unaotaja asilimia bila kutaja joto na mahali kipimaunyevu kilipowekwa haujakamilika.

4. Gamba kama ushahidi

Kiwango kinachopendekezwa na wafugaji wengi ni asilimia 50 hadi 60, kikiongezwa hadi 70 au zaidi kidogo wakati wa kujivua gamba. Wakati huo hutambulika kwa macho kugeuka rangi ya samawati-kijivu, kisha kung'aa tena siku chache kabla ya gamba kuvuliwa. Nyoka hana kope. Jicho hufunikwa na gamba angavu linalovuliwa pamoja na mengine.

Gamba likitoka zima, unyevuanga ulitosha. Likitoka vipandevipande, au kifuniko cha jicho kikisalia, huenda hewa ilikuwa kavu mno. Kifuniko hicho hakipaswi kubanduliwa kwa nguvu. Nyoka huwekwa katika kisanduku chenye matundu ya hewa na kitambaa kilicholoweshwa kwa maji vuguvugu, na kifuniko kikiendelea kusalia, daktari wa mifugo huhusishwa. Kwa upande mwingine, kizimba chenye unyevu mwingi na hewa isiyozunguka huchangia kuvu na maradhi ya njia ya hewa.

5. Namna ya kudhibiti

Bakuli kubwa la maji likisogezwa karibu na upande wa joto, mvuke huongezeka. Nyuzi za makumbi ya nazi hufaa kuwa matandazo kwa kuwa hushika maji. Maji humiminwa pembeni ili yashuke chini, na tabaka la juu libaki kavu. Sehemu ya mfuniko wa wavu huweza kuzibwa, lakini si wote. Maficho mamoja yenye kitambaa kibichi humpa nyoka nafasi ya kujichagulia.

Vipimaunyevu viwili, kimoja kila upande, ni bora kuliko kimoja. Usahihi wake hupimwa kwa chumvi ya mezani iliyochanganywa na maji kidogo hadi iwe kama uji mzito: ikifungiwa pamoja na kipimo katika chombo kisichopitisha hewa kwa saa kadhaa, kipimo kinapaswa kusoma takriban asilimia 75.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kudumisha unyevuanga ni kusawazisha joto, maji na mzunguko wa hewa kwa pamoja. Inapendekezwa kwamba vyombo vya usanifishaji, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viidhinishe unyevuanga kwa hewa pekee, na kwamba kila mwongozo wa utunzaji utaje asilimia, joto na mahali pa kipimo kwa pamoja. Pendekezo hili lina manufaa nje ya kizimba cha nyoka pia: maghala ya nafaka, mashine za kutotolea vifaranga na hifadhi za nyaraka hukabiliwa na utata huohuo wa neno.