Kunasa Pakiti: Kama Samaki au Kama Sauti?

Muhula huu wanafunzi wetu wa Jinja na wa Mbale walitafsiri maelezo ya libpcap, programu huria ya kunasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni. Wa Mbale waliandika "kukamata". Wa Jinja, waliozoea wavuvi, waliandika "kunasa".

Libpcap, iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, huchukua nakala tu. Pakiti yenyewe huendelea na safari. "Kukamata" basi hakufai, maana aliyekamatwa hubaki kituoni. Samaki naye akinaswa haendi popote! Lakini Kiswahili kina kinasa sauti, na msemaji hanyang'anywi sauti yake. Tukachagua "kunasa".

Kilichotushinda zaidi ni habari ya watu kuichangia libpcap upande wa maunzi. Wengi waliandika "kuchangia vifaa", wakidhani kuna aliyetoa kadi, kama tunavyopewa kompyuta kuukuu. Kumbe kinachotolewa ni msimbo. Chukua kadi za DAG, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand: zina namna yake ya kukabidhi pakiti, hivyo iliandikwa sehemu ya kuielekeza libpcap jinsi ya kuifungua kadi, kuisoma na kuifunga. Programu kama tcpdump, zinazoitegemea libpcap, hazina haja ya kuijua kadi hiyo.

Sasa tunaandika "kuiwezesha libpcap kutumia kadi". Ni maneno mengi, lakini hayapotoshi. Kuhusu kuiita libpcap "maktaba", bado tunabishana.