Saa ya mamilioni kwenye vumbi la Tabora: Inadumu au inakufa?

Tabora. Saa ya bei mbaya inaweza kushindwa na safari ya kawaida tu. Tabora inalijua hilo tangu mwaka 1857.

Mwaka huo Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, kwa njia ya misafara kutoka pwani. Walibeba saa za usahihi mkubwa ili kujua walipo kwenye ramani. Ziliharibika. Ikabidi wafunge risasi kwenye uzi, waibembeze na kuhesabu sekunde.

Haikuwa jambo dogo: saa ikikosea dakika 1, sehemu uliyopo inasogea karibu kilomita 28 kwenye ramani.

Leo ikoje?

Anayetoka Ntalikwa kwenda mjini kwa bodaboda na saa ya kifahari ana nafuu. Saa nyingi za sasa zina kinga ya mshtuko ndani. Tatizo limehamia kwingine.

Saa ya mashine haina betri. Springi iliyokunjwa inaachia nguvu kidogo kidogo kwenye magurudumu ya meno. Saa nyingi za aina hii hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani zaidi ya mara 690,000 kwa siku. Hakuna kupumzika.

Kinacholinda vyuma hivyo ni matone madogo ya mafuta. Mafuta yakikauka, vyuma vinasagana. Mbaya zaidi, saa huweza kuendelea kutembea huku inajila yenyewe.

Sevisi ni lini?

Omega inashauri kila miaka 5 hadi 8. Rolex inataja takriban miaka 10, kutegemea aina na matumizi. Fundi huifungua yote, huisafisha, huitia mafuta mapya na kubadilisha mipira inayozuia maji. Mpira ukichoka, vumbi na jasho vinapenya.

Mambo ya kuzingatia

• Usibadilishe tarehe kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku. Meno ya tarehe yanakuwa kazini, yanaweza kuvunjika.

• Usiilaze juu ya spika. Sumaku hunasisha springi nyembamba, saa ikaanza kukimbia.

• Funga vizuri kitufe cha pembeni kabla ya kunawa au kuosha pikipiki.

• Ikianza ghafla kukosea dakika kadhaa kwa siku, ipeleke kwa fundi. Usisubiri isimame.

Je, ni sahihi kuliko ya betri?

Hapana. Saa ya mashine yenye cheti cha Uswisi cha COSC inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Saa ya betri ya bei poa hukosea takriban sekunde 15 kwa mwezi mzima. Anayelipa mamilioni analipia ufundi na jina, si majira.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe: nani ataifungua ikigoma, spea atazitoa wapi, na atatoza kiasi gani? Kama jibu ni kuisafirisha nje ya nchi, gharama hiyo ni sehemu ya bei. Asiyeweza kuibeba, saa ya betri itamfikisha kazini kwa wakati uleule.